Shwari ya Mlango wa Mafia

Mlango wa Mafia umewameza wengi wasio na kaburi, lakini siku Mzee Kibwana alipoondoka Nyamisati kwenda kumzika mdogo wake Abbasi, maji yalilala kama mafuta sahanini. Abiria wa mashua ya tanga walifurahi.

"Leo hata bibi harusi angevuka wanja usifutike," alitania nahodha Saidy.

Mzee Kibwana hakucheka. Abbasi angezikwa Kilindoni baada ya sala ya adhuhuri, na ndugu hao walikuwa hawajasemezana miaka miwili, kisa minazi ya marehemu baba yao kule Ruaruke. Mzee alitaka jambo moja tu: awahi kumwombea nduguye radhi na kumtilia udongo kwa mkono wake.

Angeweza kuwahi. Mudrick, mtoto wa Abbasi, alikuwa amekuja na boti ya injini kuchukua jamaa wa bara. Lakini ni Mudrick huyohuyo aliyesema mbele ya ukoo mzima, "Baba mkubwa kasoma vitabu vingi, kuishi na watu hakusoma." Siku hiyo mzee aliapa kutokanyaga chombo chake. Kwa hiyo alipanda mashua alfajiri, akitegemea upepo ambao mlango ule haukosi.

Saa tano, katikati ya mlango, tanga lilining'inia kama nguo kambani. Mabaharia wakashika makasia. Punde wakasikia injini nyuma yao. Boti ilipunguza mwendo, ikaja ubavuni.

"Baba mkubwa, hamia huku," alisema Mudrick. "Tukamsitiri baba."

Mashavu, dada wa Kibwana na Abbasi, alisimama botini akanyoosha mkono. "Kaka, mguu mmoja tu! Abbasi hana kinyongo tena."

Watu wa mashua wote walimtazama Mzee Kibwana.

"Nendeni. Upepo unakuja."

"Unatoka wapi, mzee wangu?" alinong'ona Saidy. "Moshi wa sigara yangu umesimama wima kitambo sasa."

"Nimesema nendeni!"

Mudrick alingoja kidogo, kisha akatia moto injini. Mawimbi ya boti yaliitikisa mashua, na hayo ndiyo mawimbi pekee waliyoyaona siku ile.

Walifika saa kumi na moja, mabaharia wamechubuka viganja. Kaburi lilikuwa limekwisha kumwagiwa maji. Msibani, mzee mmoja wa mtaa alimgeukia Mudrick kwa ukali.

"Wewe una injini, ukamwacha baba yako mkubwa baharini?"

Mudrick alitazama chini. "Tulipishana mbali. Sikumwona."

Mashavu alijifunika uso kwa ukaya. Mzee Kibwana alifumbua kinywa aseme kweli. Akakifumba. Alisogezewa mkeka mahali pa heshima, akaketi, akapokea pole za watu.

"Bahari haina adabu," mtu alisema.

"Haina," akaitikia Mzee Kibwana.