Changarawe Safi

Changarawe safi ni dalili ya chujio lisilotumika. Hilo nimelifundisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa miaka miwili, nikiwa afisa wa mradi wa serikali wa kuokoa maji. Maji ya kufulia yakipita kwenye changarawe na mchanga huacha utelezi mweusi juu, na yanayotoka chini humwagilia mboga. Anayelitumia vizuri chujio lake hupewa tangi la kuvunia mvua. Ila nyumba moja ikikutwa na uongo, mtaa mzima unafutwa.

Mwaka huu mtaa anaokaa dada yangu ulipata tangi moja tu. Dobi wao, tuliyezoea kumwita Mama Povu, chujio lake lilikuwa jeusi tii na mchicha wake ulimfika magotini. Jirani yake, huyo dada yangu wa tumbo moja, hakuwahi kumwaga hata kopo la maji kwenye chujio lake. Tangi nikampa dada. Kwa Mama Povu nikaandika "bado", nikaenda zangu kunywa chai bila hata kujikwaa.

Jumanne mkuu wangu akaja na wageni wa wizara. Akaingia uani kwa dada, akachota changarawe kiganjani. Ilikuwa bado na vumbi la lori.

"Hili linatumika kweli?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tulibadilisha jana, baba," Mama Povu akasema kutoka kwenye kamba yake ya nguo. "Ya zamani iliziba. Njoo uione, tumeimwaga huku."

Akamwonyesha lundo alilokwangua kwenye chujio lake mwenyewe. Mkuu akaridhika, akanipa mkono wa hongera mbele ya watu wote. Niliupokea, aibu ikiniwaka mpaka masikioni.

Walipoondoka nikamfuata Mama Povu.

"Mama, asante. Umenisitiri."

"Nani kakusitiri wewe?" Hakuacha kukamua shuka. "Wenzangu kumi na wanne wanasubiri matangi ya mwakani. Wafutwe kwa ajili yako?"

"Basi nitarekebisha. Kesho naandika upya, tangi lije kwako."

Hapo ndipo akaniangalia.

"Utaandika nini, mwanangu? Si nimeshawaambia chujio la dada yako linafanya kazi?"