Lori la Ndala Nne za Kushoto

Jana mchana nilijilaza kidogo kwenye mkeka, msumeno ubavuni, nikaota nimeitwa kwenye mizani ya malori nikajieleze.

Lori lenyewe ni la mbao. Nimelitengeneza uani kwa mikono yangu, kwa mbao za tenga la nyanya na spoku za baiskeli. Magurudumu nimeyakata kwenye ndala kuukuu za mume wangu. Yeye ni bodaboda: ndala ya kulia huisha kwa kukanyaga breki, ya kushoto hubaki nzima. Kwa hiyo magurudumu yote manne ni ya kushoto, na lori linakata kushoto tu.

Binti yangu Sikudhani, wa miaka sita, hajali hata kidogo. Amesema akikua ataendesha malori, nami nimemwamini. Aliyekasirika ni mama mkwe.

"Mtoto wa kike na lori, wapi na wapi? Lisipokwenda moja kwa moja kutoka jikoni hadi getini, alasiri nalichemshia chai."

Basi nafika mizani, nalivuta lori kwa kamba. Nyuma ya meza wameketi maofisa watatu. Ni mafiga, yamevaa kofia za kazi, masizi mpaka kwenye vifungo.

"Umebeba nini?" linauliza figa la kwanza.

Nageuka. Ndani ya lori amekaa Sikudhani, ana miaka thelathini, magoti yamemfika masikioni.

"Shikamoo mama," anasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula njiani."

Figa la pili linafungua daftari. "Sheria inasema gari lisilonyooka ni kuni. Hii ni kuni iliyochelewa."

"Kuni haina dereva," nasema.

Yananong'onezana. Figa la tatu linaamua tufanyiwe majaribio, na mara hiyohiyo tuko ndani ya birika la mama mkwe. Barabara inapita katikati, imenyooka hadi kwenye mdomo wa birika. Maji ya vuguvugu yamenifika vifundoni, yananukia iliki, na yanapanda.

Nyundo yangu inanivuta gauni. "Mama Sikudhani, badilisha magurudumu mawili tu. Yaishe."

Hasira zinanipanda. Nimejikata vidole viwili kwa ajili ya magurudumu yale, halafu nyundo, ambayo nimeinunua mwenyewe, inaniambia yaishe!

"Sibadilishi," nasema. Naigeukia barabara. "Wewe. Pinda."

"Mimi?" inauliza barabara. "Mimi nimenyooka tangu nichongwe."

"Hilo si kosa la lori. Pinda kushoto, mtoto apite."

"Barabara haiamriwi!" yanapiga kelele mafiga, yote matatu.

"Basi isinisikilize."

Maji yamefika magotini. Naogopa, sitaki kudanganya, lakini simwachii mtu kamba. Barabara inakohoa vumbi. Inanyanyua ukingo mmoja, kisha wa pili, inajikunja kushoto taratibu, inalalamikia kiuno. Sikudhani anapiga honi, anapita, anatokea kwenye mdomo wa birika. Haniagi, ana mzigo wa kuwahisha.

Nikazinduka. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akitazama getini.

Tuna kijia cha matofali kutoka jikoni hadi getini. Nilikipanga mwenyewe mwaka juzi, kwa kamba na vigingi, kimenyooka. Sasa kilikuwa kimepinda kidogo kushoto, kikilizunguka banda la kuku, na majani yaliyoota katikati ya matofali hayakuwa yameng'oka hata moja. Sikudhani alikuwa juu yake akilivuta lori. Halikugusa ukingo popote. Lilifika getini, likaligonga geti, naye akacheka.

Mama mkwe aliinama, akajaribu kulitikisa tofali moja kwa mkono. Halikutikisika.

"Nani kaipinda njia hii?"

Nilisimama, nikajikung'uta maranda ya mbao, nikamtazama usoni.

"Mimi, mama."