Mtoto Aliyeitwa Juris

Gustave, mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga huko Turffontein, Johannesburg, alimpa mwanawe wa kwanza jina ambalo hakuna Mkongomani mwenzake aliyewahi kulisikia: Juris. Hiyo ilikuwa 2017.

Jina lilikuwa la mpangaji wa namba sita, Mlatvia mrefu aliyewapigia farasi viatu vya chuma pale uwanja wa mbio. Victorine, mkewe Gustave, aliposhikwa na uchungu, Mlatvia ndiye aliyewakimbiza hospitali kwa bakkie, pikapu yake iliyojaa nyundo, akazipita robot mbili, taa za barabarani, zikiwa nyekundu bila kupunguza mwendo. Basi kumpa mtoto jina lake ilikuwa haki. Ila Gustave alikuwa na Kifaransa chake kichwani: Juris, juriste, mwanasheria! Akawapigia simu ndugu zake Uvira kuwaambia amezaa wakili. Kanisani akatangaza, "Huyu hatalinda geti la mtu!" Jirani mmoja akamletea mtoto tai ya shingoni, kama ya mawakili.

Siku ya karamu, Mlatvia naye alialikwa. Mama Arlène, mamake Victorine, aliyekuwa amefika juzi kutoka kwenye mashamba yake ya mihogo huko Baraka, Kongo, alimtazama weee, kisha akamgeukia mkwewe.

"Papa Juris, muulize rafiki yako. Hilo jina kwao maana yake nini?"

"Si nimeshawaambia, Mama? Mambo ya sheria."

"Muulize tu."

Gustave akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote. Mlatvia akameza tonge lake la fufu kwanza.

"Ni George, kwa matamshi ya kwetu. Asili yake ni Kigiriki. Mkulima."

Gustave akatafuta pa kuweka macho.

"Amesema nini?" Mama Arlène akauliza.

"Amesema... ni mtu wa bidii."

"Amesema mkulima, Mama," Victorine akadakia.

Mama Arlène alipiga vigelegele hadi mtoto akashtuka. "Mulimaji! Kumbe huyu ni mutoto yangu kabisa!" Akamnyakua, akamvua ile tai.

Gustave akamwinamia Mlatvia sikioni. "Hamna jina lenye maana ya wakili?"

Mlatvia akafikiri. "Sikumbuki. Lakini la kwako tunalo. Gustavs. Babu yangu alisema maana yake fimbo."

Victorine alitafsiri hata kabla hajaombwa. Yule jirani aliyeleta tai akapaliwa na soda. Gustave alitaka kununa, akamtazama mkewe: miezi miwili alilazwa kitandani na ile mimba, haruhusiwi hata kuinuka, na sasa alikuwa ameshika ukuta, anacheka, machozi yanamtiririka. Hasira ikamtoka. Akasimama, akakohoa kidogo kama mhubiri.

"Ndugu zangu, naomba radhi, nilikosea. Mimi Fimbo, baba wa Mkulima, nawakaribisha. Kuleni."