Neno Lililotoka Jumanne

Watazamaji wote wa tamthilia ya Bonde la Harlan walijua kwamba Carrie Prescott hakuwa binti wa Jaji Prescott. Walijua kwamba aliyemzaa ni Shangazi Dora, dada yake Jaji, yule mwanamke mpole ambaye hajaolewa, aliyeonekana jikoni kila mchana akimimina kahawa na kutoa nasaha. Akina mama wa Ohio na Nebraska, pasi mkononi na macho kwenye televisheni, waliitunza siri hiyo miaka nenda miaka rudi kana kwamba ni ya ukoo wao. Carrie peke yake ndiye hakujua. Naye angejua mwezi wa Juni, siku ya arusi yake, mbele ya madhabahu. Ndivyo alivyoamua Harriet Oldenkamp, na katika Bonde la Harlan hapakuwa na amri juu ya amri yake.

Harriet alikuwa mwandishi mkuu wa tamthilia hiyo tangu siku ilipoanza. Alikuwa binti wa mkulima wa Iowa, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata ndani ya studio. Wachezaji walimwogopa kama wanafunzi wanavyomwogopa mwalimu wa zamu, na yeye hakuona sababu ya kuwaondolea hofu hiyo. Tamthilia ilikwenda hewani moja kwa moja kutoka New York. Hapakuwa na kukata wala kurudia. Aliyejikwaa alijikwaa mbele ya taifa. Kazi ya namna hiyo, alisema, haifanywi na watu waliodekezwa.

Jumanne hiyo ya Februari alikuwa amesimama katika chumba cha kuongozea, nyuma ya mwongozaji, akiitazama sahani ya kahawa ya Shangazi Dora kwenye kioo cha televisheni. Aliyemcheza Dora alikuwa Estelle Kaminski, mwanamke wa Brooklyn aliyezeeka pamoja na nafasi yake. Mbele yake aliketi Janet Molloy, aliyemcheza Carrie, msichana ambaye bado alitetemeka kidogo kila taa nyekundu ya kwenda hewani ilipowaka.

"Unaonekana umechoka, Shangazi Dora," alisema Janet, kama alivyoandikiwa.

Estelle alipaswa kujibu kwamba keki ya arusi haijioki yenyewe. Lakini kulikuwa na mswada mwingine, wa Ijumaa. Jikoni palikuwa pale pale na birika lile lile, na daktari wa mji angeingia na kumwambia maneno hayo hayo, kwa kuwa mji mzima ulimwita Shangazi Dora. Hiyo Ijumaa Dora angemfungulia daktari moyo wake. Ilikuwa sehemu ndefu kuliko zote alizowahi kupewa Estelle, naye, kwa bidii yake, alikuwa ameihifadhi mapema mpaka ikamkaa kichwani kama sala. Bidii ndiyo iliyomponza.

"Nimechoka tangu siku nilipomzaa Carrie," alisema Estelle, taratibu, kwa sauti nzuri kuliko ile ya mazoezini, "nikamkabidhi kaka yangu kabla sijampa jina."

Mpiga kinanda wa studio, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kutii masikio bila kushauriana na kichwa, akaangusha sauti nzito iliyotetemesha vioo. Hapo ndipo Estelle alipotambua ni nani aliyeketi mbele yake.

"Mungu wangu," alinong'ona mwongozaji. "Nakata. Weka tangazo la sabuni."

"Ukigusa kitu chochote nitakuvunja vidole," alisema Harriet.

Janet Molloy hakutetemeka. Alikiweka kikombe chake juu ya sahani pasipo kutoa mlio, akainuka. "Carrie ni mimi," alisema, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, ambao siku hiyo haukupangiwa kufunguliwa na ulielekea kwenye ukuta wa matofali na ndoo za mafundi.

Estelle akabaki peke yake na dakika zisizo na neno hata moja lililoandikwa. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote angefanya jikoni kwake: akakusanya vikombe, akaviosha kimoja kimoja, akavikausha, akavirudisha kabatini, huku kinanda kikilia chini chini, mpaka saa ya ukutani ilipowahurumia wote.

Bwana Talbot Whitcomb alipanda kutoka chini kabla taa hazijapoa. Alikuwa mtu wa kampuni ya sabuni iliyoidhamini tamthilia, mwenye tai ya hariri na tabasamu la mhudumu wa mazishi.

"Bi Oldenkamp, yule mama ametuzika," alisema.

"Ameosha vyombo kwa sabuni yako mbele ya nchi nzima. Ulitaka afanye nini zaidi, ainywe?"

"Nisikilize. Tumeshapata dawa. Kesho tunajua kwamba Dora ana homa. Alikuwa anaweweseka tu, hajui alisemalo. Daktari anampeleka hospitali, Carrie anamsamehe, tunarudi kwenye arusi ya Juni. Na Bi Kaminski," akashusha sauti, "apumzike. Umri umemfikia. Kiangazi mtangazaji atasema nafasi ya Shangazi Dora sasa inachezwa na fulani, na wiki ya pili hakuna atakayekumbuka."

"Hakuweweseka. Alisema kweli."

"Aliikosea siku!"

"Kweli haina siku yake, Bwana Whitcomb. Kilichotoka hewani kimetokea. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii, na wewe umeikuta."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

Whitcomb akacheka kidogo, akatazama kofia ya Harriet, akaacha kucheka. "Basi nikwambie ya kwangu. Ama Dora ana homa kesho, ama Estelle Kaminski hana kazi. Chagua. Sisi ndio tunaonunua saa hii ya mchana."

Harriet alilipanga jibu lake kwanza, kwani hakupenda kupoteza neno.

"Kuna mwanamke huko Ohio," alisema hatimaye. "Amesimama na shati la mumewe mkononi. Leo amesikia kwa masikio yake neno alilolingoja kwa miaka. Kesho unataka nimwambie kwamba masikio yake yamemdanganya. Haya. Kisha baada ya dakika moja tangazo lako litamwambia kwamba sabuni yako inang'arisha kola. Kwa nini akuamini? Ukimfundisha kwamba jikoni pale panasemwa uongo, hatachagua ni uongo upi. La kuvunda halina ubani, Bwana Whitcomb. Ukilifukiza homa litanuka zaidi."

"Maneno matamu."

"Ni ya bure. Nipe kesho. Nikishindwa, toa jina langu kwenye tamthilia pamoja na lake."

Whitcomb alimtazama kama mtu apimaye ng'ombe. "Kesho moja tu," alisema.

Estelle alikuwa chumbani kwake akiziondoa pini nywelini na kuzitupa ndani ya mkoba. Mkoba ulikuwa umekwisha jaa: viatu, picha ya marehemu mumewe, nusu ya mkate wa nyama uliofungwa kwa karatasi.

"Usinifariji," alisema bila kugeuka. "Nikifarijiwa nalia, na nikilia wanja unashuka mpaka kidevuni."

"Sijaja kukufariji. Nani kakuruhusu kufungasha?"

"Wewe mwanamke una moyo wa jiwe kweli. Nimekuharibia arusi yako."

"Arusi ilikuwa mbovu."

Estelle akageuka, pini mdomoni. "Ati nini?"

"Imenisumbua tangu masika iliyopita. Binti anasimama mbele ya pasta, shangazi anapiga kelele, wageni wanazimia. Upuuzi wa sarakasi." Harriet alisema hayo kwa ukali, kana kwamba arusi ile iliandikwa na adui yake. "Ungekuwa umefanya makusudi ningekufukuza mimi mwenyewe, tena leo. Lakini ulikosea kwa kujifunza kazi yako mno, na mimi sikufundishwa kumwadhibu mtu kwa hilo. Toa viatu vyako humo mkobani."

"Na yule tai ya hariri?"

"Amenipa kesho."

"Na kesho mimi nitasema nini, Harriet? Hakuna mswada!"

"Utakuwepo," alisema Harriet, akafunga mlango.

Aliketi mbele ya mashine yake ya chapa wakati theluji ilipokuwa ikilowesha dirisha. Mambo mepesi yalikuja kwanza, akayafukuza. Carrie analia. Carrie anauliza, kwa nini ulinitoa? Kila mwandishi mvivu wa mchana angemwandikia binti swali hilo, na kila mama wa Ohio alikwisha kulijibu kichwani mwake. Harriet akang'oa karatasi, akaweka nyingine. Alifikiri juu ya mji wa Harlan aliouumba: jaji wake, pasta wake, mwalimu wake wa muziki, mwenye duka la dawa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mji mdogo kama ule aliokulia yeye, mimba ya binti wa watu haikuwahi kufichika. Iliheshimiwa tu kwa ukimya, na ukimya ule ulimkalia mtoto shingoni bila yeye kujua. Basi binti hana haja ya kuuliza kwa nini. Atauliza jambo ambalo mji mzima utashindwa kulijibu. Vidole vyake vikaanza kupiga, na havikusimama.

Jumatano mswada ulifika ukiwa na joto la mashine. Mwongozaji aliusoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Whitcomb aliketi nyuma, mikono kifuani.

Taa nyekundu ikawaka. Jikoni pale pale. Dora amesimama karibu na dirisha. Carrie anaingia, theluji ya pamba mabegani. Harriet aliona vidole vya Estelle vikikamata ukingo wa meza, na kwa pumzi mbili alidhani mwanamke yule ameupoteza mswada wote. Kisha Estelle akainua uso.

"Niulize," alisema. "Lolote. Sitasema uongo tena."

"Sitaki kujua kwa nini," alisema Carrie. "Nataka kujua nani mwingine alijua."

Dora akajibu kwa majina. Alianza na jaji na mkewe. Akamtaja pasta aliyembatiza, kisha mwalimu aliyemfundisha kinanda. Kila jina lilikuwa mtu ambaye watazamaji walimpenda, na kila jina lilipotajwa Janet Molloy alirudi hatua moja, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Mpiga kinanda, safari hii, alikuwa na busara ya kutogusa kitu. Estelle hakukosea hata silabi.

Tangazo lilipoanza, mwongozaji alipangusa shingo. Whitcomb alikuwa amesogea mbele bila kujijua, tai yake ikining'inia juu ya vitufe.

"Yule mwenye duka la dawa," alisema. "Hakumtaja. Ina maana hakujua, au anamkinga?"

"Sabuni imeuzwa?" aliuliza Harriet.

"Simu za chini hazinyamazi."

"Basi mengine si kazi yako."

Akateremka ngazi. Estelle alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha jikoni, amevua kiatu kimoja, akipepea uso kwa kitambaa cha vyombo. Harriet akamwekea karatasi nyingine mapajani.

"Hizi ni za kesho."

Estelle akazipima kwa mkono. "Zote hizi mimi? Shoga, unataka kuniua!"

"Jana nilikataa kukuua, na mtu alikuwa ananishawishi vizuri," alisema Harriet, akiiweka sawa kofia yake. "Keti usome. Na mswada wa Ijumaa usiuguse mpaka Alhamisi ipite."