Keki za Vitunguu za Baba Joyness

Tangu mkewe Wilhelmina azikwe, sala za jumuiya zilikuwa zikiiruka nyumba ya Anselimu pale Nangara. Eti nyumba haina mama, chai ataandaa nani? Anselimu akadai zamu yake. Mwenyekiti, Mama Valence, akamjibu mbele za watu: "Haya, Baba Joyness, Jumamosi tunakuja. Ukishindwa, zamu yako tunaihamishia kwa shemeji yako, basi."

Jumamosi mchana akakoroga unga wa keki kwenye mabakuli mawili. La kwanza, ndizi mbivu na sukari. La pili hakutia sukari hata chembe: vitunguu, karoti, pilipili hoho na chumvi, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Akamimina kwenye vikombe vya bati, akaviingiza kwenye oveni ya Wilhelmina, akabonyeza swichi. Kimya. Umeme umekatika.

"Wakubwa hao!" akafoka. "Wametupa mkoa mpya, wametupa bendera na magari ya kututimulia vumbi, umeme wamebaki nao wenyewe!"

Rosalia, dada wa marehemu, alikuwa mlangoni na chupa ya chai. "Shemeji, acha kugombana na serikali. Nikakupikie maandazi kwangu, wageni wako njiani."

"Maandazi yako kale na mumeo. Leo wanakula vya hapa."

Akatoa sufuria kubwa, akaibandika kwenye jiko la mkaa, akatandaza mchanga ndani, akapanga vikombe, akafunika, akapakia makaa ya moto juu ya mfuniko. Kabla ya kununua oveni mkewe alioka hivyo, na mpepea moto alikuwa Anselimu mwenyewe. Mikono ilikuwa haijasahau. Harufu ya ndizi na kitunguu ilipoanza kutoka, Rosalia akaweka chupa chini.

Sala ikaisha, sinia likazunguka. Kumbe alikuwa amezipanga keki zote pamoja, na zote zina rangi moja. Mama Valence akang'ata, taya likasimama.

"Baba Joyness! Umetia chumvi badala ya sukari!"

Watu wakaangua kicheko. "Mwanaume jikoni!" akasema mmoja.

Anselimu hakuinamisha kichwa. "Sijakosea, mama. Hiyo ni ya vitunguu. Za sukari zipo, lakini imalize kwanza hiyo, usiniachie mabaki."

Mama Valence akatafuna taratibu, akameza. Kisha akarudisha mkono kwenye sinia, akawa anazinusa moja moja.

"Mbona unanusa kama paka?" Rosalia akamtania.

"Natafuta nyingine ya kitunguu!"

Wote wakaanza kunusa, wakigombania. Rosalia akawa anatamba, "Huyo ni shemeji yangu, mnamwona?" Mama Valence alipoaga alikuwa amefunga mbili kwenye pindo la kanga.

"Zamu yako iko palepale, Baba Joyness. Na tukija, ziwe hizihizi."

Nyuma yao oveni ikawaka taa yake nyekundu, umeme umerudi. Anselimu akaenda akaizima.

"Waambieni wakubwa," akasema, kifua mbele, "tumeshakula."