Firigogo Mia Nne na Kumi

Mimi ni muongo, mtaa mzima unajua. Nimewahi kusimulia kwamba gari la ofisi liliponifia jangwani, firigogo mmoja alininywesha maji. Wengine waliniamini, maana dume la ndege huyo hulowesha manyoya ya kifua dimbwini, kisha huruka mbali kuwanywesha vifaranga.

Lakini kuhesabu firigogo, nilihesabu kwa haki. Asubuhi moja kila mwaka, kwa miaka thelathini na mmoja, mimi na mama watoto tuliketi kila mtu upande wake wa dimbwi wanaponywa, tukajaza fomu na kutia sahihi wote wawili. Alipofariki katikati ya miaka hiyo, shemeji akakaa mahali pake.

Juzi binti yetu, mtaalamu wa ndege, aliniita ofisini kwake. Kwenye kompyuta mstari wa hesabu zetu ulikuwa unashuka tu, mwaka hadi mwaka. Katikati, nukta moja imechupa juu peke yake.

"Baba, mia nne na kumi? Mwaka wa nyuma yake mia mbili, wa mbele mia na themanini. Hawa walitoka wapi?"

"Walikuja harusini."

"Baba! Wakubwa wangu hapa wanasema wewe bingwa wa porojo, fomu zako zote zitupwe. Niambie ukweli wa hii moja, nizitetee zilizobaki."

Kazi yetu yote, mimi na marehemu, itupwe?

"Mama yako alikuwa amelazwa. Sikwenda. Akaniuliza, 'Wamekuja wangapi?' Ningemjibu nini, mwanangu? Nikaandika wengi. Akatabasamu, akatia sahihi."

Binti hakugomba. Alitoa fomu yenyewe kwenye jalada, akaigeuza. Nyuma yake sikuwahi kutazama. Mwandiko ulikuwa wa mama yake, umelegea lakini unasomeka:

"Hakwenda. Kutwa alikuwa hapa, amenishika mkono. Mwaka huu msiuhesabu. Mzee wangu msimwambie."

"Ulikuwa unajua?" nikauliza.

"Tangu juzi. Nilitaka niusikie ukweli kwako."

Nilicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Tuseme nilicheka.

Binti akaifuta ile nukta. Mstari ukabaki na pengo dogo, na fomu thelathini zikapona.

Mwaka huu shemeji magoti yamemgomea, kwa hiyo binti ndiye aliyeketi upande wa mama yake. Tulipata sitini na watatu. Sikuongeza hata mmoja, ingawa mkono uliniwasha.