Dakika Moja Kitini

Mlango wa chumba 208 ulipofunguliwa, Dada Mkubwa, mhudumu wa vyumba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, mikono mapajani, macho yakipita taratibu chini ya meza.

"We mama!" mgeni alimaka. "Yaani mimi nalipia chumba, wewe unapumzika?"

Kabla Dada Mkubwa hajafungua kinywa, simu ilishatoka mfukoni na picha ilishapigwa. Mgeni alikuwa mtu wa maonyesho ya biashara, kama wageni wote wiki ile. Beji ilimning'inia kifuani, na begi lake lilichapwa jina la kampuni inayouza viti vya ofisini. Dada Mkubwa alisimama, akanyoosha aproni, akaeleza kwamba hapumziki, anakagua. Mgeni hakuwa na habari naye. Alikuwa anaandika kwa kidole gumba, midomo ikimcheza.

Na kweli alikuwa anakagua. Miaka tisa iliyopita, matroni wa zamani, aliyewasimamia wahudumu wa vyumba, alimfundisha hivi: ukimaliza chumba, kaa. Kaa pale atakapokaa mgeni, ukitazame chumba dakika moja nzima. Aliyesimama anaona kitanda na meza. Aliyekaa anaona unywele uliogandia ukutani, tone la dawa ya meno kwenye mguu wa meza, uvimbe wa kitu kilichosahauliwa ndani ya blanketi. Matroni alishastaafu, na kati ya wote aliowafundisha, aliyebaki anakaa ni huyu mmoja. Hoteli yenyewe haikuwa na makuu. Bei yake ilivumilika, maji ya moto yalikuwepo asubuhi na jioni, na ukumbi wa maonyesho ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Lakini zilikuwepo hoteli nyingine tatu za namna hiyo mtaa uleule, na wageni walirudi hapa. Walirudi kwa sababu palikuwa safi, na usafi haudondoki kutoka darini.

Nusu saa baadaye aliitwa ofisini kwa meneja.

Huyu meneja alikuwa na miezi sita tu pale, na wafanyakazi walimwita Saa, kwa jinsi alivyopita korido na simu mkononi akiwapima muda. Chumba kilichokuwa kinapewa nusu saa, yeye alikipa dakika ishirini. Wiki ya maonyesho ilipofika akakipa kumi na mbili. Aligeuza kompyuta ili Dada Mkubwa ajione. Kwenye ile picha alionekana kama mwizi aliyefumaniwa, macho yamemtoka. Chini yake mgeni alikuwa ameandika: *Bei nzuri, karibu na maonyesho, ila wahudumu wanakalia viti vya wageni.* Nyota moja.

"Dunia nzima inasoma hii," alisema Saa.

"Nilikuwa nakagua, bosi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na matroni."

"Yupo hapa?"

"Hayupo."

"Basi." Akasukuma karatasi mezani. "Saini hapo, kisha upande ukamwombe mgeni radhi. Nimeshamhamishia 211, kile nilichosema kibaki kwa ajili ya dharura."

Dada Mkubwa aliisoma ile barua polepole, maana hakuwa mtu wa kusaini asichokisoma. Ilisema kwamba yeye, mhudumu wa vyumba, anakiri kuzembea kazini. Alipofika kwenye neno *kuzembea* alirudi nyuma akalisoma tena. Kuzembea! Yeye ambaye vidole vyake vimechubuka kwa dawa ya choo, ambaye mgongo haumruhusu kulala chali, aliyemzika baba yake Ijumaa na Jumamosi akawa kazini kwa sababu hoteli ilijaa. Alitamani kuikunja ile karatasi na kumlisha.

"Nisiposaini?"

"Utavua aproni. Sina muda wa kubembelezana, nyumba imejaa."

"Naomba nifikirie."

"Dakika kumi," alisema Saa, akaitazama simu yake.

Dada Mkubwa alikwenda stoo ya shuka, akabamiza mlango hata rafu zikatikisika. Humo alimkuta Chiriku, msichana aliyeanza kazi mwaka huo, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiofunga. Habari alishazipata zote.

"Mtu anauza viti, halafu anashangaa watu kukaa," alisema Chiriku. "Huko kwenye banda lake wateja wanachuchumaa?"

Siku nyingine Dada Mkubwa angecheka hadi machozi. Leo alishika ukingo wa rafu na kupumua kwa nguvu.

"Saini tu, dada yangu," Chiriku alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Karatasi haimng'ati mtu. Mama yako anakutegemea, watoto wanakutegemea. Ukimwaga unga leo, kesho mtakula nini?"

"Unafikiri sijui?"

"Najua unajua."

"Hasira zangu si za picha, mdogo wangu. Angeandika nimechelewa, ningesaini. Angeandika nimevunja kikombe ambacho sijakivunja, ningesaini pia, yaishe. Lakini hii anataka niseme kwa mkono wangu mwenyewe kwamba miaka tisa yote nilikuwa mzembe." Alijifuta macho kwa kiwiko, akijichukia kwa kulia. "Watoto wangu wanajua mama yao anajua kazi. Ndicho kitu pekee nilichonacho cha kuwaonyesha."

Chiriku alichukua taulo safi rafuni, akampa.

Sauti ya Saa iliwafuata humo humo, ikiita kutoka korido. Walipotoka walimkuta mlangoni mwa 211, jasho limemchirizika, na mgeni yuleyule kando yake ameshika soksi kwa ncha za vidole. Ilikuwa soksi nyeusi ya kiume, imekakamaa.

"Hii si yangu!" mgeni alifoka. "Nimeingiza miguu kitandani, nakutana na soksi ya mtu! Ndani ya blanketi! Kile chumba cha kwanza hakikuwa na uchafu hata chembe. Mimi saa saba niko kwenye banda, nahitaji kulala japo saa moja."

"Nani amesafisha hapa?" Saa aliuliza.

"Mimi," Chiriku alijibu, akitazama sakafu.

"Na wewe nina karatasi yako." Kisha akamgeukia Dada Mkubwa, na sauti ikabadilika, ikawa laini kama ya mtu anayekopa. "Dada, hebu ingia upatengeneze. Wewe unajua. Ile barua tutaiongea baadaye."

"Tutaiongea au utaichana?"

"Tutaiongea."

"Huyu mtoto amesafisha kwa dakika kumi na mbili ulizompa wewe. Angekaa dakika moja tu kwenye kile kiti, angeiona hiyo soksi imevimba ndani ya blanketi. Lakini kukaa si ni uzembe? Umeandika mwenyewe."

"Mbele ya mgeni, dada, tafadhali..."

"Mgeni ndiye aliyenipiga picha. Na yeye asikie." Hakuwahi kupaza sauti kwenye korido ile, na sasa milango miwili ilifunguliwa, watu wakachungulia. "Ichane barua yangu, na ya huyu usiiandike. Nitaingia sasa hivi."

Saa alimtazama mgeni, akawatazama waliochungulia. Angeweza kuichana. Ilikuwa mfukoni mwake, pembe yake nyeupe ikionekana. Mkono ulikwenda hadi pale, ukagusa, ukarudi.

"Siwezi kuamrishwa na mfagiaji," alisema.

Dada Mkubwa alifungua kamba za aproni. Alizivuta kwa ghadhabu hata fundo likamshinda mara mbili. Akamtundikia meneja ile aproni begani, akamkabidhi chupa ya dawa na kitambaa.

"Haya. Dakika kumi na mbili."

Alishuka kwa ngazi, akapita mlango wa mbele, akavuka barabara hadi kwenye uzio wa maonyesho, ambako mafundi walikuwa wanapigilia mabango. Hakujua ageuze kulia au kushoto. Alipoinua macho aliliona dirisha la 211, pazia likiwa wazi, na Saa peke yake ndani akipambana na shuka. Alichomeka upande mmoja, ukachomoka wa pili. Akazunguka kitanda, akavuta, lote likamjia mikononi.

Simu ililia ndani ya mkoba. Dada Mkubwa hakuitazama. Alisimama pale kwenye vumbi la mabango, bado ana hasira za kupasuka, huku mikono yake, bila yeye kuituma, ikikunja pembe ya shuka hewani na kuichomeka chini ya godoro lisilokuwepo.